Mama wa Nakuru na profesa aliyeketi naye nyasini

Mnamo miaka ya 1940, katika shamba la mlowezi mmoja huko Nakuru, aliishi mtoto wa kike ambaye baba yake alikuwa dereva na fundi wa magari wa mwenye shamba. Shambani hapakuwa na shule. Mwaka 1947 mama yake alirudi naye Ihithe, Nyeri, na huko ndiko alikoanzia masomo. Mwaka 1971 mtoto huyo, Wangari Maathai, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu. Somo lake lilikuwa anatomia ya mifugo, na alilifundisha Chuo Kikuu cha Nairobi hadi akawa mkuu wa idara.

Chuo hicho kilikuwa kimeanza kuandamwa na serikali. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefundisha fasihi hapo, alichukuliwa nyumbani kwake usiku mmoja mwishoni mwa mwaka 1977, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kushtakiwa. Katikati ya mwaka 1982 ikawa zamu ya wenzake: Willy Mutunga wa sheria, Alamin Mazrui wa isimu, Edward Oyugi wa saikolojia, Kamoji Wachiira wa jiografia. Mwanahistoria Maina wa Kinyatti alifungwa miaka 6 kwa kupatikana na karatasi iliyoitwa ya uchochezi. Mazrui alitunga gerezani mashairi yaliyotoka mwaka 1988 katika diwani ya Chembe cha Moyo, na ni vigumu kuishika diwani hiyo bila kukumbuka ilikozaliwa.

Ni nani aliyewatetea? Jina la kwanza kutajwa huwa Amnesty International, au kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa Kenya iliyoundwa London mwaka 1982. Walifanya kazi kubwa. Lakini historia hii haijakamilika mpaka atajwe Monica Wamwere, mama mkulima wa Nakuru. Mwanawe, Koigi wa Wamwere, aliyewahi kuwa mbunge wa Nakuru Kaskazini, alikuwa gerezani tangu mwaka 1990 kwa kesi ya uhaini, kosa ambalo hukumu yake ni kitanzi.

Mapema mwaka 1992 Mama Koigi na akina mama wenzake walimwendea nyumbani Maathai, ambaye wakati huo alikuwa mwanaharakati. Walimkuta naye ametoka korokoroni karibuni. Januari ile polisi walikuwa wameizingira nyumba yake siku tatu, wakakata vyuma vya dirisha, wakamtoa. Alilala kwenye sakafu yenye maji katika kituo cha Lang'ata, hana blanketi, na magoti yake yalikuwa mabovu tayari. Siku ya kufikishwa mahakamani miguu ilikataa, ikabidi askari wanawake wambebe. Maseneta wa Marekani, Al Gore akiwa mmoja wao, waliiandikia serikali ya Kenya kumtetea, na baadaye mwaka huo mashtaka dhidi yake yakafutwa.

Mtu aliyetoka huko angeweza kuwaambia wale mama kwamba anauguza viungo. Maathai aliwaambia wabebe matandiko. Februari 28, 1992, walimpelekea Mwanasheria Mkuu, Amos Wako, madai yao: wafungwa 52 waachiliwe. Aliwaambia waende nyumbani, naye atalishughulikia. Walikwenda bustani ya Uhuru Park, Nairobi, wakatandika nyasini kungoja wana wao.

Kilichofuata ndicho ninachokiona kikubwa zaidi katika mkasa wote. Watu walianza kuja wenyewe. Wanaume waliokuwa hawajawahi kuwaambia hata wake zao yaliyowapata mikononi mwa polisi walipanga foleni, wakasimama mbele ya wazee wale wa kike, wakasimulia. Pembe ile ya bustani inaitwa Freedom Corner hadi leo.

Machi 3 polisi walifika na rungu na vitoa machozi. Baadhi ya mama walivua nguo mbele ya askari. Kwa Waafrika wengi, mwanamke wa umri wa mama yako akikufanyia hivyo amekulaani. Maathai alipigwa hadi akazirai, akapelekwa hospitali. Akina mama walihamia Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, wakakaa kwenye ghorofa ya chini ya ardhi karibu mwaka mzima. Mapema mwaka 1993 wafungwa wote, isipokuwa mmoja, walikuwa wameachiliwa. Koigi alitoka Januari.

Maathai akageukia Bonde la Ufa, alikoishi utotoni, ambako mapigano ya kikabila yalikuwa yamewafukuza watu Molo, Burnt Forest na kwingineko. Vitisho vilimlazimisha kuingia mafichoni. Koigi naye hakumaliza mwaka akiwa huru. Novemba 1993 alikamatwa tena, akidaiwa kukivamia kituo cha polisi cha Bahati, na kesi ikasikilizwa Nakuru kwenyewe, mbele ya hakimu William Tuiyot.

Wakili aliyesimama upande wa Koigi alikuwa Mirugi Kariuki, mtu wa Nakuru. Mwaka 1990 Mirugi na Koigi walishtakiwa pamoja kwa uhaini ule ule, wakatoka pamoja Januari 1993. Sasa mmoja alikuwa kizimbani na mwenzake anahoji mashahidi. Oktoba 2, 1995, Koigi alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na viboko 6. Rufaa ilikatwa, na Desemba 1996 Koigi akatoka kwa dhamana kwa ajili ya matibabu.