Zana na Hadhari za Uvuvi wa Usiku Kandoni mwa Mito ya Ulyankulu na Malagarasi

Watu waliosoma habari za njia kuu ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora na kufika Ujiji, wazijua habari za pembe, za hongo, za wapagazi na za vita. Habari za mtu aliyekwenda mtoni kutafuta samaki wa usiku hawakuzisoma, kwa sababu waandishi wa njia ile hawakujishughulisha nazo. Kimya hicho chaweza kumfanya msomaji adhani ya kuwa katika nchi ya Unyamwezi uvuvi ulikuwa kazi ya mchana tu, na ya kwamba uvuvi wa usiku ni jambo la Ziwa Tanganyika, penye dagaa na mioto ya mitumbwi. Katika makala haya nataka kuonyesha ya kuwa sivyo. Mto nao ulitoa samaki wake usiku, lakini kwa zana ambazo hazikumtaka mtu kukesha kando ya maji. Na zana hizo zilikuwa za kujilinda kama zilivyokuwa za kupata kitoweo.

Kwanza yafaa kuijua nchi. Ulyankulu iko kaskazini-magharibi ya Tabora, na tangu mwaka wa 2012 imo katika wilaya ya Kaliua. Zamani ilikuwa chini ya Mtemi Mirambo, aliyekufa tarehe 2 Desemba 1884. Maji ya upande huo hukusanywa na Igombe, unaoelekea magharibi mpaka kwenye vinamasi vya Malagarasi. Kusini yako maji ya Ugalla, ambayo nayo huingia Malagarasi, na Malagarasi huyamwaga yote katika Ziwa Tanganyika. Mvua hunyesha tangu Novemba mpaka Aprili, na katika miezi hiyo mito hufurika ikatanda juu ya mbuga mwendo mrefu. Kuanzia Mei maji hupungua, na kiangazi kikikolea Igombe huwa si mto tena katika sehemu zake nyingi, bali ni madimbwi yaliyofuatana. Hapo samaki wamebanana mahali padogo, na mamba wamebanana pamoja nao. Mtu afuataye kitoweo hana budi kwenda pale pale alipokwenda mamba, kwa haja ile ile.

Sasa tuwatazame wasafiri. Burton na Speke waliuvuka Malagarasi mwanzoni mwa Februari 1858, wakaliona Ziwa Tanganyika tarehe 13 ya mwezi ule. Burton aliandika kwa urefu juu ya ushuru wa kivuko uliotozwa na watu wa mtemi wa Uvinza, na juu ya mitumbwi dhaifu ya magome ya miti waliyovushwa nayo. Mambo hayo yaliugusa mfuko wake, kwa hiyo aliyaona. Msafara ulikuwa na desturi ya kuondoka alfajiri na kutua kabla jua halijawa kali. Kisha watu hujenga boma la miiba au huingia kambi ya zamani, na giza likiingia mlango hufungwa. Aliyelala ndani ya boma hakuweza kuona kilichotendeka mtoni. Hata waandishi wetu wa Kiswahili hawatusaidii sana. Tippu Tip katika Maisha yake, na Sleman bin Mwenyi Chande, ambaye habari ya safari yake ya bara imo katika Safari za Wasuaheli zilizotolewa na Velten mwaka wa 1901, walikuwa watu wa biashara, na mfanya biashara huuhesabu mto kuwa kizuizi cha njia.

Lakini iko habari moja yenye faida kwetu, nayo ni ya Stanley. Mwaka wa 1871 Mirambo alikuwa akipigana na Waarabu wa Unyanyembe, na njia iliyonyoka ya kwenda Ujiji ilikuwa imefungwa. Basi Stanley alizunguka kusini, akapita Ukonongo, akaufikia Malagarasi katika nchi ya Uvinza. Kazi ya kuvuka iliendelea mpaka jioni. Punda wake mmoja, aliyeitwa Simba, alikuwa akivushwa kwa kamba, mara mamba akamkamata shingoni akamzamisha. Habari ya punda huyu imesimuliwa mara nyingi kuwa ni kisa cha kusikitisha safarini. Mimi naona lenye thamani zaidi ni lile lililofuata. Punda wa pili hakuvushwa jioni ile: aliachwa ng'ambo pamoja na Sidi Mubarak Bombay mpaka asubuhi, wakati ambapo mamba watakuwa wameondoka majini. Katika maneno hayo machache twapata saa za mto. Mchana mamba hupanda mchangani kuota jua. Jioni hurudi majini, na usiku huwinda, hasa pale maji yanapokutana na nchi kavu, kwani ndipo wanyama wanapokuja kunywa. Wageni walijifunza jambo hilo kwa kupoteza punda. Wenyeji walikuwa wamekwisha kulitia katika zana zao.

Mtu azijuaye saa hizo, naye ataka samaki watembeao usiku, hufanyaje? Hutega. Kiswahili chatofautisha kuvua na kutega, na tofauti hii wenye kamusi huipita upesi mno. Kuvua kwataka mtu awepo: ashike mshipi, arushe kimia, akokote jarife. Kutega kwamtaka awepo mara mbili tu, wakati wa kuweka na wakati wa kuondoa; katikati chombo hufanya kazi peke yake. Mgono waonyesha vizuri. Ni tenga refu la fito au matete, mdomo wake mpana, na ndani yake mna koo la vijiti vilivyochongoka, vyenye kuelekea ndani, ili samaki aingie asiweze kutoka. Maji yanapoanza kuteremka kutoka mbugani, huwekwa uzio wa matete kukingama mkondo, na katika mianya ya uzio huo hupangwa migono, midomo ikielekea upande wa mbuga, maana huko ndiko samaki watokako. Mtegaji huiweka jua lingali juu, akarudi kwake akalala, akaja kuiondoa asubuhi jua likiwa limekwisha panda. Watu huusifu mgono kwa ustadi wa msusi wake, na sifa hiyo ni haki. Lakini faida yake kubwa katika mito ya mamba ni kwamba wamwondoa mtu ukingoni kwa saa kumi na mbili zilizo mbaya.

Neno lenyewe lavutia. Katika Kiyao, Kingoni na Kinyakyusa kitenzi -gona maana yake ni kulala. Mfanano wa sauti peke yake si ushahidi, wala sitaki kujenga hoja juu yake. Lakini mtu akiambiwa ya kuwa mgono ni kitu kilalacho mtoni, ataona kwamba kazi yake imeelezwa barabara.

Ndoana nayo ilikuwa na namna yake ya kulazwa. Mshipi mfupi ulifungwa kwenye kigingi au kwenye mti ulioinamia maji, ukatiwa chambo na chubwi, ukaachwa mpaka asubuhi. Hapa badiliko moja la zana lilibadili hatari pia. Mshipi wa zamani ulisokotwa kwa nyuzi za mimea, kama zile za mkonge wa mwitu. Mamba akimeza samaki aliyenaswa, mshipi ulikatika na mambo yakaisha. Tangu nyuzi za nailoni zilipoanza kuenea katika Afrika ya Mashariki, katika miaka ya 1950, mshipi mwembamba umekuwa na nguvu ya kumvuta mtu. Kwa hiyo desturi ya kuuzungusha mkononi au kiunoni ili usimponyoke mtu anayesinzia, ambayo zamani ilikuwa na madhara kidogo, yaweza sasa kumwingiza majini. Mshipi wa nailoni hufungwa kwenye kigingi, na mtu huugusa kwa kidole tu.

Uko msimu mmoja ambao mtego hautoshi, na mtu hutoka usiku kwa miguu. Mvua za kwanza kubwa zikileta mafuriko, kambare huacha mto akaingia katika majani yaliyofunikwa na maji kidogo, nako hutaga mayai, hasa usiku. Kambare huvuta hewa ya juu, na katika maji ya tope hutafuta chakula kwa ndevu zake, wala hahitaji macho. Usiku kama huo samaki wengi waweza kupatikana kwa mkuki, kwa panga, au kwa tenga lisilo na kitako linalofunikwa juu yao. Ndiyo shangwe ya mwaka, na ndiyo hatari ya mwaka. Kiboko naye usiku ametoka mtoni kula majani, naye hufuata njia zake zile zile kwenda na kurudi. Mtu asimamaye katika njia hiyo, kati ya kiboko na maji, amejiweka mahali pabaya kuliko mbele ya mamba. Mamba nao hufuata mafuriko mpaka mbugani, na katika maji ya kufika magotini mtu hadhani ya kuwa mnyama mkubwa kiasi kile aweza kujificha. Aweza.

Yafaa hapa kulitaja neno ukingo. Limetoka katika kukinga, na maana zake mbili, ya kando ya mto na ya kitu kizuiacho, hukaa pamoja bila kugombana. Mvuvi wa mto hatumii ukingo wowote. Genge lililosimama wima juu ya maji lampa nafasi ya kutupa mshipi akiwa mbali na kinywa cha mamba. Pwani ya mchanga inayoteremka taratibu, ambayo mgeni huipenda kwa kuwa ni laini kukalia, ndiyo mamba huitumia kutokea. Pia huhama mahali, kwa sababu mamba huzoea: mtu akija kila usiku mahali pamoja, akaosha samaki na kutupa matumbo yao papo hapo, amemfundisha mamba saa na mahali pa kumngojea.

Imebaki habari ya mwanga, na hapo ndipo ziwa na mto vinapotengana. Katika Ziwa Tanganyika wavuvi wa dagaa walitoka katika usiku usio na mwezi, wakawasha moto wa kuni katika mtumbwi, na dagaa waliovutwa na mwanga wakatekwa kwa wavu wa mkono. Baadaye taa za karabai zikachukua mahali pa kuni. Dagaa waliokaushwa walipelekwa mashariki, na reli ilipofika Kigoma mwaka wa 1914 walifika Tabora kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana mvuvi wa usiku ajulikanaye na wengi ni yule wa ziwani. Lakini moto wa ziwani humwita samaki. Katika maji ya tope ya Igombe mwanga haumwiti kambare. Ni wa macho ya mtu tu.

Tofauti hii ilipata uzito Ulyankulu baada ya mwaka wa 1972, nchi ile ilipopokea wakimbizi wa Burundi. Machafuko ya mwaka ule yalianzia upande wa Rumonge na Nyanza-Lac, kwenye mwambao wa ziwa, na miongoni mwa waliokimbia walikuwamo watu waliozaliwa na kukua kando ya maji makubwa. Walifika katika nchi ya miombo yenye mito ya msimu. Maji yenyewe hayakuwatosha: mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu wakahamishiwa Mishamo. Waliobaki walilima, na wengi wa watu wa makazi yale wakapata vyeti vya uraia wa Tanzania kuanzia mwaka wa 2014. Mtu aliyezoea taa mbele ya mtumbwi, akija na taa ile ile ukingoni, huiweka mbele yake kando ya maji. Hivyo hujipofusha kwa mwanga wake mwenyewe, na maji yaliyo nje ya duara la taa huwa meusi kabisa kwake.

Nao wenyeji walikuwa wamekwisha kuvutwa mbali na mito. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya watu wa sehemu nyingi za magharibi katika makazi makubwa, ili kuwaepusha na malale yaletwayo na mbung'o. Tangu hapo kwenda mtoni kulikuwa safari ya siku nyingi, pamoja na kurina asali, na watu wakaweka kambi ambayo mtu wa pwani angeiita dago. Anayelala katika dago halali nyumbani mgono ukifanya kazi. Yuko mtoni usiku kucha, anachota maji gizani, anaosha vyombo gizani. Kwa maoni yangu hapo ndipo hadhari ya zamani ilipovunjika, kabla ya nailoni na kabla ya taa. Na hata dago lenyewe sasa lina mipaka, kwani mwaka wa 2019 Ugalla ilifanywa Hifadhi ya Taifa.

Kwa aliye dagoni, taa ya chemli au karabai hukaa nyuma yake, juu ya genge, ili iangaze ukingo bila kuyapiga macho yake. Moto wa kambi husaidia kwa moshi wake kufukuza mbu, lakini haumzuii mamba aliye majini. Chombo kipya chenye faida ya kweli ni tochi, kwa sababu mwanga wake hutoka karibu na jicho la mtazamaji na kurudi hapo hapo: jicho la mamba lina utando wa kurudisha mwanga, nalo huonekana jekundu kutoka mbali, jambo ambalo mwenge ulioinuliwa juu haukuweza kulionyesha vizuri. Mtu humulika maji polepole, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kabla ya kushuka kuchota. Akiona nukta nyekundu, hashuki. Na nukta hizo zikizimika ghafula, hashuki vilevile, maana mamba amezama tu.