Biashara imeanguka: namna ya kwenda tribunali, na namna ya kujua kama mwenye deni lako amefilisika

Ukisikia sokoni kwamba mfanyabiashara fulani "amekimbia", mara nyingi maana ni moja: madeni yamemshinda. Duka linafungwa usiku, simu haipite tena, na kesho yake watu wanajaa mbele ya mlango: mwenye nyumba, wafanyakazi, wale walimkopesha mali, hata watu wa likirimba. Mwenye anafika wa kwanza anabeba friji, wa pili anabeba mifuko ya sukari, wa mwisho anarudia mikono mitupu.

Wengi hawajue kwamba sheria ya Congo iko na njia ingine, kwa mwenye deni na kwa mwenye kudai. Hii ni njia ya tribunali. Tunaieleza hapa hatua kwa hatua.

Sheria gani, na inahusu nani?

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, RDC iko memba wa OHADA, umoja wa inchi 17 za Afrika zenye kutumia sheria moja ya biashara. Sheria ya OHADA juu ya biashara zenye kushindwa kulipa iliandikwa upya tarehe 10 Septemba 2015, kule Grand-Bassam, Côte d'Ivoire, na ilianza kutumika tarehe 24 Desemba 2015.

Inahusu sosiete zote za watu binafsi, na pia mtu mwenye kujitumikia mwenyewe: mfanyabiashara, fundi, mkulima, avoka. Mwalimu ao muuguzi mwenye deni la benki juu ya mshahara wake haimhusu. Yeye anabakia na mazungumuzo na benki, ao kuomba jaji amgawie malipo kidogo kidogo.

Milango ni mine

Watu wanasema tu "faillite", lakini grefe itakuuliza unataka nini hasa. Afazali ujue majina kwa Kifaransa, juu ndiyo yameandikwa kwenye makaratasi.

"Conciliation": biashara inaanza kusumbuka lakini ingali inalipa. Rais wa tribunali anachagua mtu wa kuwapatanisha na wenye kudai. Mambo yanafanyika kwa siri. Inadumu miezi 3, na inaweza kuongezwa mwezi 1 tu.

"Règlement préventif": shida ni kubwa, lakini haujafika kushindwa kulipa. Unaleta mpango wa malipo, na wenye kudai wanasimamishwa kwa muda ili mpango uchunguzwe.

"Redressement judiciaire": umeshindwa kulipa, lakini biashara ingali inaweza kuokolewa. Unaendelea kufanya kazi pamoja na sindiki, ni kusema mtu mwenye tribunali imechagua kwa kukusimamia.

"Liquidation des biens": hakuna tumaini tena. Sindiki anachukua usimamizi, mali inauzishwa, na feza inagawiwa kufuatana na mustari wa sheria.

Angalia vizuri: milango miwili ya kwanza inafungwa ukisha kushindwa kulipa. Ndiyo maana mwenye kungojea sana anajikuta amebakiwa na milango migumu tu.

Siku 30, hapana zaidi

Sheria inasema umeshindwa kulipa wakati feza yenye iko mukononi haitoshe kulipa madeni yenye siku yake imefika. Kama wenye kudai wamekubali kukungojea, ao benki ingali inakukopesha, haujafika pale. Kuwa na nyumba ao kiwanja hakubadilishe kitu, juu kiwanja hakilipe deni la leo asubui.

Kuanzia siku ile, uko na siku 30 za kwenda kutangaza kwenye grefe. Tangazo linaitwa "déclaration de cessation des paiements". Na wewe mwenye kudai unaweza kuomba tribunali ifungue mambo, kama deni lako ni la hakika, hesabu yake inajulikana na siku yake imefika.

Wapi, na makaratasi gani?

Unaenda kwenye tribunali ya biashara ya fasi makao makubwa ya biashara iko. Goma, Bukavu, Kisangani na Lubumbashi ziko na tribunali ya namna hiyo. Kule haiko, ni tribunal de grande instance ndiyo inasikiliza. Kwa Goma na Bukavu, tangu M23 iliingia katika miji hiyo Januari na Februari 2025, uliza kwanza barza ya maavoka kama grefe ya Serikali inafanya kazi na fasi gani, mbele ya kutoa feza yako.

Katika faili lako weka:

- extrait ya RCCM, ni kusema kitambulisho cha biashara;
- hesabu za mwaka na hali ya kesi leo;
- liste ya madeni yote, na jina na adresi ya kila mwenye kudai;
- liste ya wenye kuwa na deni lako wewe;
- rehani na dhamana zote ulitoa;
- liste ya mali na vyombo;
- hesabu ya wafanyakazi na mishahara haijalipwa.

Kama unaomba kuokoa biashara, leta pia mpango wa namna utalipa. Biashara ndogo, yenye wafanyakazi wasiopita 20 na mauzo yasiyopita faranga CFA milioni 50 kwa mwaka, inaweza kuomba njia fupi yenye hesabu nyepesi.

Wengi wanakwama hapa, juu hawana buku ya hesabu. Anza na yenye uko nayo: daftari, bordero, risiti za duane, ujumbe wa simu wenye kuonesha malipo. Na kila feza unalipa kwenye grefe, omba risiti.

Kisha tribunali kufungua, nini inabadilika?

Kila mtu anakatazwa kujilipa peke yake. Mwenye kubeba friji usiku anaweza kulazimishwa kuirudisha. Wenye kudai wote wanapeleka madeni yao kwa sindiki. Katika mustari wa malipo, gharama za tribunali na mishahara ziko mbele, wenye rehani wanafuata, na mwenye alikopesha kwa mdomo tu anakuwa wa mwisho.

Kama biashara ni "établissement", wewe na duka ni mtu mmoja: hata nyumba yako inaingia katika hesabu. Kama ni sosiete SARL, madeni ni ya sosiete. Lakini tribunali ikiona kiongozi aliharibu kazi, inaweza kumwamuru alipe na mfuko wake. Na usifikiri deni linafutika siku unaweka faili.

Namna ya kutafuta kama mtu amefilisika

Hapa RDC hauwezi kutegemea kupata kila kitu kwenye simu. Lakini habari ni ya wote, na iko fasi tatu.

Ya kwanza ni RCCM, kwenye grefe. Tribunali ikifungua redressement ao liquidation, inaandikwa mule. Kila mtu anaweza kuomba extrait, hata kama hauna deni naye. Njoo na jina kamili na namba ya RCCM, yenye iko kwenye faktire ao kashe yake: inaanza na CD, halafu mji. Herufi A ni mtu, B ni sosiete. RCCM inaonesha pia kama gari ao mashini imekwisha kuwekwa rehani.

Ya pili ni gazeti lenye ruhusa ya matangazo ya sheria. Tangazo linatoka mara mbili, la pili siku 15 kisha la kwanza. Muda wa kupeleka deni lako kwa sindiki unahesabiwa kufuatana na matangazo haya. Mwenye kuchelewa anaweza kukosa fungu lake.

Ya tatu ni Journal officiel.

Kwa nyumba ao kiwanja, enda kwa conservateur des titres immobiliers, uulize kama kuna rehani juu ya certificat.

Usipopata kitu, usilale. Conciliation ni ya siri, haionekane. Na wengi wanafilisika bila kufika tribunali hata siku moja. Wenye kufanya kazi na patente tu, mara nyingi hauwaone katika RCCM.

Na polisi?

Deni haiko zambi ya kufungia mtu. Mkataba wa haki za kiraia na za kisiasa, wenye Congo ilikubali mwaka 1976, unakataza katika kipengele cha 11 kumfunga mtu juu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Ukiitwa na OPJ juu ya deni la biashara, enda na avoka, onesha faktire na makaratasi yako.

Lakini mwenye kuficha mali, kuchoma daftari, kuandika gari kwa jina la shemeji ao kutunga madeni ya uongo, huyo iko hatarini. Hiyo inaitwa "banqueroute", na inahukumiwa kama kosa. Tribunali inaweza pia kumkataza kufanya ao kuongoza biashara mpaka miaka 10.

Basi, kama leo hesabu yako inaanza kukataa, usingojee duka likae tupu. Andika madeni yote kwenye karatasi moja, kubwa na ndogo, na tarehe ya kila moja. Karatasi hiyo ndiyo avoka na grefe watakuuliza kwanza, na ndiyo itakuonesha kama ungali na siku za kuchagua mlango.