Nani Alijenga Shule ya Parokia?



Katika mkutano mmoja wa vijana, mwaka wa masomo ulipokuwa unaanza, tuliuliza swali jepesi: shule iliyo nyuma ya kanisa letu ilijengwa na nani? Wengine walijibu, "Wamisionari." Wengine wakasema, "Serikali." Binti mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Bibi yetu anasema alibeba maji ya kukandia udongo wa matofali yake." Wenzake walicheka kidogo, kisha wakanyamaza. Sisi tuliona kwamba katika kundi lile yeye ndiye aliyekuwa ameanza kusoma historia.

Ndiyo sababu tumewaandalia tafakari hii. Tutafuata nafasi ya familia katika shule za kikatoliki za nchi yetu tangu wamisionari wa kwanza hadi leo. Tutaona kwamba kuna nyakati familia iliwekwa kando, nyakati iliitwa, na nyakati ilitwikwa mzigo uliozidi nguvu zake. Nasi tutajiuliza: ni mchango wa namna gani unaojenga shule, na ni wa namna gani unaoibomoa?

Shule isiyo na wazazi

Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika habari inaanzia Mpala. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1883 na Émile Storms, askari Mbelgiji, kwa niaba ya Chama cha Kimataifa cha Afrika, kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Wakati ule biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu nchi pande zote mbili za ziwa. Wengi kati ya watoto wa kwanza waliofundishwa kusoma katika vituo vya wamisionari walikuwa wamekombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara hao. Hawakuwa na baba wala mama karibu yao. Misioni iliwalisha, ikawavisha, ikawaozesha na kuwapa mashamba. Misioni ndiyo iliyokuwa familia yao.

Tunawashukuru waliookoa maisha hayo. Lakini haki yadai tuseme na upande wa pili. Mahali pengine katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili, watoto walioitwa yatima hawakuwa yatima wote. Tume ya Uchunguzi iliyotumwa na mfalme mwenyewe, ambayo taarifa yake ilitolewa mwaka 1905, ililaumu jambo hilo: watoto walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kwenye vituo vya shule na mashamba ya misioni, ilhali walikuwa na ndugu wa kuwalea. Kwetu sisi, mtoto aliyefiwa na baba yake bado ana baba wadogo, wajomba na mashangazi. Sheria ya yatima iliyoletwa kutoka ng'ambo haikuwahesabu watu hao.

Mwaka uliofuata, tarehe 26 Mei 1906, Vatikano na Dola Huru la Kongo zilitia sahihi mkataba: serikali itoe ardhi kwa misioni, nazo misioni zifungue shule. Waliokubaliana walikuwa wawili. Wa tatu, yaani mzazi, aliyekuwa na mtoto na mara nyingi hata hiyo ardhi, hakuketi mezani.

Shule ya katekista

Hata hivyo, shule ilipotoka katika kituo kikubwa na kuingia vijijini, haikuweza kusimama bila familia. Padri alipita mara chache kwa mwaka. Aliyebaki na watu alikuwa katekista: asubuhi alifundisha sala na herufi, mchana alishika jembe. Darasa lilikuwa la miti, udongo na nyasi. Wanaume walikata miti, wanawake walichota maji na kukandika kuta, watoto walileta nyasi. Mvua za miaka michache zilipoozesha paa, kazi ilianza upya. Michango hiyo haikuandikwa katika daftari lolote la hesabu, kwa kuwa haikuwa ya fedha. Ndiyo maana vitabu vinataja jina la padri aliyefungua shule, na vinanyamaza juu ya mama aliyemlisha mwalimu.

Na bado shule hizo zilizaa matunda. Stefano Kaoze, mtoto wa nchi hii ya ziwa, alipata upadri huko Baudouinville, ndiyo Kirungu ya leo, tarehe 21 Julai 1917. Baada ya mapadri wa Ufalme wa Kongo wa kale, yeye ndiye aliyekuwa padri wa kwanza Mkongo wa nyakati zetu.

Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianza kutoa ruzuku kwa shule za misioni za Kibelgiji, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 1929. Misioni za Kiprotestanti zilisubiri hadi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ruzuku ilileta walimu waliosomea kazi yao, ikaleta vitabu na wakaguzi. Ilileta pia mazoea mapya: shule ikawa shauri la padri na la serikali, na mzazi akawa mtu wa kumfikisha mtoto mlangoni na kurudi zake. Mwaka 1954 Waziri wa Makoloni, Auguste Buisseret, alipofungua shule za serikali zisizo za dini, ugomvi mkali ulizuka kati yake na misioni. Katika ugomvi huo wakubwa walisikika sana. Wazazi wa mjini, ambao kwa mara ya kwanza waliweza kuchagua shule, walisikika kidogo tu.

Miaka ya kunyang'anywa na kurudishiwa

Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa Tamko juu ya malezi ya kikristo. Tamko hilo lasema wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao, na kwamba shule huja kuwasaidia katika wajibu huo. Haikupita miaka kumi, neno hilo likajaribiwa kwetu kwa moto.

Mwishoni mwa mwaka 1974 utawala wa Rais Mobutu ulitangaza kwamba shule za makanisa zinakuwa mali ya Serikali. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake pakaingia mafundisho ya siasa ya chama. Sisi tuliingia darasa la kwanza katika miaka hiyo. Shuleni tuliimba na kucheza kwa kumsifu Kiongozi. Ishara ya msalaba tulifundishwa na mama, jioni, moto wa jikoni ukiwa bado unawaka, na Jumamosi na katekista wa mtaa. Nyumba zetu ndizo zilizolinda kile ambacho shule ilikatazwa kukitoa. Hakuna aliyezilipa kwa kazi hiyo.

Mpango wa Serikali haukudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilifanya mkataba na Kanisa Katoliki, Kanisa la Kiprotestanti na Kanisa la Kimbangu. Shule zilibaki za taifa, nayo Serikali ikabaki na wajibu wa kutoa programu na kulipa walimu, lakini usimamizi ukarudi kwa makanisa. Hapo ndipo lilipotoka jina la shule za mkataba tunalolitumia hadi leo.

Wakati wa primu

Sasa tunafika penye maumivu, na hapa hatuwezi kusema kama watazamaji.

Mnamo Septemba 1991 Kinshasa iliporwa, na uporaji ukaenea katika miji mingine. Januari 1993 ukarudi tena. Fedha ilipoteza thamani kiasi kwamba, mnamo Oktoba 1993, zaire 3,000,000 za zamani zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mshahara wa mwalimu, hata ulipofika, haukutosha chakula cha juma moja. Walimu waligoma, shule zikafungwa. Ili watoto wasipotee kabisa, Kanisa na wazazi walikubaliana kwamba wazazi watoe kitu cha kumtegemeza mwalimu. Kitu hicho tulikiita primu. Kilikusudiwa kuwa msaada wa muda mfupi, mpaka Serikali isimame tena.

Kwa haki tuseme: bila primu, shule nyingi zingekufa. Mama aliyeuza mihogo na mvuvi aliyeuza dagaa ndio waliobeba elimu ya taifa hili mgongoni kwa zaidi ya miaka ishirini. Lakini msaada wa muda ukageuka kuwa sheria. Sehemu ya pesa ikaanza kupanda ngazi hadi ofisi za juu, na mzazi hakuelezwa imefika wapi. Kile alichokitoa kwa hiari mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu alidaiwa kama kodi.

Nasi walimu tulikuwa chombo cha kudai. Tulisimama mlangoni asubuhi tukiwa na orodha mkononi. Aliyelipa aliingia, asiyelipa alirudi nyumbani. Tulikuwa na watoto wetu wenye njaa, na hilo ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba tuliwafukuza watoto wa jirani zetu. Nyumba yenye watoto sita ililipia wawili, na mara nyingi wawili hao walikuwa wavulana. Msichana mmoja tuliyemrudisha nyumbani katika darasa la tano hakuonekana tena. Miaka ilipita, tukamkuta sokoni, mtoto mgongoni. Alitusalimu kwa heshima, akacheka, akauliza, "Mwalimu, lile deni langu la primu bado limeandikwa?" Hatukupata la kumjibu.

Katika miaka ileile tuliona jambo lingine. Upepo uling'oa paa la madarasa mawili ya shule ya msingi ya parokia. Wazazi waliitwa, wakaketi na walimu na padri siku nzima, wakapanga wao wenyewe. Kila jumuiya ya kikristo ilichukua sehemu yake: moja matofali, nyingine misumari, nyingine mahindi ya kulisha mafundi. Vijana walifanya kermesi, wakauza maandazi na kuigiza. Asiye na kitu alitoa siku mbili za kazi. Kila Jumapili, baada ya misa, mama mmoja aliyechaguliwa na wenzake alisoma hesabu mbele ya wote: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya mvua paa lilikuwa limerudi, na hakuna mtoto hata mmoja aliyefukuzwa kwa ajili ya mchango ule.

Watu walikuwa walewale, na umaskini uleule. Primu na paa vilitofautiana kwa mambo matatu: wenye kutoa walishiriki kuamua, kila mmoja alitoa kadiri ya uwezo wake, kwa fedha au kwa mikono, na hesabu ilitolewa hadharani. Tena mtoto hakufanywa rehani ya deni la baba yake.

Tangu 2019

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 43, ilikwisha kusema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ni bure. Neno hilo lilingoja hadi Septemba 2019 ndipo likatekelezwa nchini kote. Watoto walirudi kwa wingi. Tuliona dada wakubwa wakiketi katika benchi moja na wadogo zao, tukamshukuru Mungu. Tuliona pia madarasa yaliyofurika, na walimu wenzetu ambao majina yao hayakuwa katika orodha ya malipo ya Serikali wakifundisha bila mshahara.

Lakini kuna hatari nyingine isiyopigiwa kelele. Wazazi wengi, baada ya kuchoshwa na primu, wanasema, "Sasa shule ni bure, haituhusu tena." Mkutano wa Kamati ya Wazazi unaitishwa, wanakuja wachache. Hivyo tunaweza kurudi kule tulikoanzia, kwenye shule isiyo na wazazi. Elimu ya bure imeondoa malipo, na ni vema imeyaondoa. Haikuondoa wajibu wa baba kujua mtoto wake amesoma nini leo, wala wa mama kuuliza choo cha shule kimejaa tangu lini, wala wa kijana aliyemaliza masomo kumsaidia mdogo wake hesabu jioni. Mkono mmoja haulei mwana. Mkono wa Serikali nao ni mmoja.

Someni sura ya tatu ya Kitabu cha Nehemia. Ni orodha ndefu ya majina, na wengi huiruka. Humo kila familia inajenga sehemu ya ukuta wa Yerusalemu, wengine mbele ya nyumba yao wenyewe. Kuna wafua dhahabu, kuna watengeneza manukato, kuna Shalumu aliyejenga pamoja na binti zake. Hata wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinama kufanya kazi wameandikwa. Nehemia hakuacha jina la mjenzi lipotee. Sisi tumeyaacha yetu yapotee, na wazee wanaoyakumbuka wanazidi kupungua.

Kwa mazungumzo ya kikundi

1. Waulizeni wazee wa jumuiya zenu: ni nani waliojenga shule ya parokia yetu, na kila mmoja alitoa nini? Andikeni majina katika daftari, kisha mlisome mbele ya wote.

2. Je, katika mtaa wetu kuna mtu aliyeacha masomo kwa sababu ya primu? Tunaweza kumfanyia nini leo?

3. Mchango unaofuata wa parokia utakapotangazwa, nani ataamua, na nani atasoma hesabu?