Sauti (muziki)

Sauti, katika lugha ya kwaya, ni neno lenye kazi mbili, nazo wanakwaya wa Voi, Wundanyi na Taveta, nchini Kenya, huzichanganya bila kupotezana. Kwanza ni eneo la uimbaji: sauti ya kwanza ni soprano, ya pili alto, ya tatu teno, ya nne besi. Ukiambiwa “wewe ni wa nne”, umepangiwa noti na mahali pa kusimama.

Pili ni kimo. Mwalimu akisema “sauti iko juu, tushushe”, halaumu mtu. Anahamisha do ya wimbo, yaani noti yake ya msingi. Hutaja “do, mi, so, do” polepole, kila kundi likaokota noti yake kwa kuvuma midomo ikiwa imefungwa, ndipo mkono wa mwalimu uinuke. Kipimo cha kimataifa huipa noti ya A mitetemo 440 kwa sekunde, lakini kwaya isiyo na kinanda hutegemea koo la mwalimu, na koo la alfajiri huwa zito.

Mfano mzuri wa wimbo mmoja kuimbwa kwa vimo tofauti ni “Malaika”. Mwanamuziki wa Kenya Fadhili William, aliyezaliwa Taita mwaka 1938, aliurekodi kwa sauti ya kiume. Miriam Makeba wa Afrika Kusini akauimba kwa sauti ya kike. Wimbo ni ule ule.