Nani Asimame Katikati: Sheria za Kuuza na Kununua Kisangani

Mwezi Februari 1887, mjini Zanzibar, Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule ajulikanaye kama Tippu Tip, aliwekeana mkataba na Henry Morton Stanley, aliyesimama kwa niaba ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kwa mkataba huo akawa wali wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Fedha hiyo haikuwa kitu kwa mtu wa utajiri wake. Kilichokuwa na thamani ni pembe za ndovu, zilizokusanywa katika misitu ya huko zikapandishwa mabegani kuelekea mashariki hadi pwani, ambako mfanyabiashara wa Kihindi Taria Topan alikuwa amekwisha kumkopesha bidhaa za safari. Bidhaa zilitangulia, pembe zikafuata. Aliyekopa pwani alikopesha bara, na mwenye kumwinda ndovu, mara nyingi, hakuwa na uhuru wa kuchagua wa kumuuzia.

Leopold aliuona mpangilio huo akautamani. Kikwazo chake kilikuwa Mkataba wa Berlin wa Februari 1885, uliotangaza biashara huria katika bonde zima la Kongo na kukataza ukiritimba wa aina yoyote. Akapitia mlango wa ardhi. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo aliamuru kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola yake ya Kongo, na tarehe 21 Septemba 1891 amri nyingine, ya siri, ikawaelekeza makamishna wa Aruwimi-Uele na Ubangi kuyahifadhi mazao ya ardhi hiyo, hasa pembe na mpira. Maofisa wakaitafsiri bila haya: mwanakijiji asimuuzie mtu yeyote ila dola, na mfanyabiashara akinunua kwake ahesabiwe kuwa amepokea mali ya wizi. Makampuni ya Kibelgiji, Albert Thys akiwa miongoni mwa vinara, yalipiga kelele hadi amri ya Oktoba 1892 ikayaachia sehemu ya nchi. Sikumbuki mfano mzuri zaidi wa sheria ya biashara iliyovaa joho la sheria ya ardhi.

Vita vya dola hiyo vya 1892 hadi 1894 viliwaondoa wakubwa wa Kiarabu na Waswahili. Tippu Tip mwenyewe alikuwa ameondoka kurudi Zanzibar tangu 1890. Nafasi ya katikati haikufutwa, ilibadili mwenyewe. Charles Stokes, Mwairlandi aliyewahi kuwa mmisionari kabla ya kugeukia pembe, aliuona ukali wa mwenyewe huyo mpya. Alikamatwa upande wa Ituri kwa tuhuma za kuwauzia Waarabu bunduki, akahukumiwa upesi na Kapteni Hubert Lothaire bila wakili, akanyongwa tarehe 15 Januari 1895. Uingereza na Ujerumani zililipwa fidia. Lothaire alishtakiwa, akaachiwa.

Chini ya utawala wa Ubelgiji mtindo ulistaarabika kidogo. Amri ya tarehe 1 Agosti 1921 iliigawa nchi ya pamba katika maeneo, kila eneo na kampuni yake yenye kinu cha kuchambulia na haki ya kununua peke yake. Mkulima wa Uele, katika Jimbo la Mashariki lililotawaliwa kutoka Stanleyville, jina la Kisangani la wakati huo, alilazimishwa kulima, na mnunuzi alikuwa mmoja. Bei aliikuta imekwisha kupangwa.

Mwaka 1973 sheria iligeukia dukani. Tarehe 5 Januari ilitoka sheria maalumu ya biashara, iliyokusudia kuwahifadhia Wazaire, yaani Wakongo kama walivyoitwa wakati huo, kazi hiyo. Tarehe 30 Novemba Rais Mobutu akatangaza kwamba maduka, mashamba na biashara za wageni zitakabidhiwa wananchi. Kisangani, mji uliokuwa na Wagiriki, Wareno na Wahindi wengi madukani, ulitikisika. Wengi wa waliopewa, walioitwa acquéreurs, walikuwa wanasiasa na jamaa zao. Waliuza shehena waliyoikuta na hawakuagiza nyingine, kwa sababu mikopo na maelewano na wauzaji wa ng'ambo viliondoka pamoja na mwenye duka. Amri inaweza kukabidhi jengo na funguo. Uaminifu wa mkopeshaji haukabidhiki. Kufikia 1976 serikali ilikuwa ikiwarudishia wenye mali wa zamani hadi asilimia 60 ya mali yao.

Katika pengo hilo walitokea watu ambao hakuna amri iliyowateua. Mwanaanthropolojia Janet MacGaffey aliwachunguza wafanyabiashara wa Kisangani mwishoni mwa miaka ya 1970, akachapisha kitabu chake mwaka 1987. Aliwakuta wanawake wakinunua mchele, maharage na samaki wakavu na kuvipeleka Kinshasa kwa meli za mtoni. Mwaka huohuo wa 1987 Sheria ya Familia ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kufunga mkataba, sharti lililodumu hadi marekebisho ya 2016. Kwa hiyo mama aliyepakia magunia bandarini angeweza kuambiwa wakati wowote kwamba sahihi yake haitoshi. Naye aliendelea kupakia.

Kisha almasi. Mwaka 1982 Mobutu aliruhusu uchimbaji wa mikono wa dhahabu na almasi, na nyumba za kununulia mawe, komtuari, zikajaa Kisangani. Utajiri huo ulikuwa miongoni mwa sababu za majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyoingia kama washirika, kupigana wao kwa wao mjini mwaka 1999 na tena mwaka 2000, mara ya mwisho kwa siku sita za Juni zilizoua mamia ya raia. Mwaka 2000 Kinshasa iliipa kampuni moja ukiritimba wa kusafirisha almasi nje, lakini Kisangani ilikuwa mikononi mwa waasi. Ukiritimba huo ulifutwa mwaka 2001.

Sheria ya Madini ya tarehe 11 Julai 2002 ilipanga ngazi upya. Mchimbaji awe na kadi yake, na auzie negosiani, yaani mnunuzi wa kati mwenye kibali, komtuari, au soko na chombo kilichoidhinishwa. Negosiani lazima awe Mkongo. Mgeni abaki mjini kwenye komtuari. Sheria za mtu wa kati haziko Kongo tu: Marekani nako majimbo mengi yanamkataza mtengenezaji wa magari kumuuzia mteja moja kwa moja, ndiyo maana Tesla imekuwa ikivutana na Texas. Lakini sheria za kule zilizaliwa ili kumkinga wakala mdogo dhidi ya kiwanda kikubwa. Za hapa, kwa maoni yangu, zinalinda zaidi mahali pa kuhesabia: wa kati ndiye mlango ambapo hazina hukusanya chake.

Kisheria, basi, mchimbaji anaweza kupanda gari na kupeleka jiwe lake komtuari, akamruka negosiani. Marekebisho ya Machi 2018 yanamtaka pia awe ndani ya ushirika. Ila mashimo ya almasi huhitaji pampu, mafuta, chakula cha wiki kadhaa, na mara nyingi anayevitoa ni yuleyule mnunuzi, kwa sharti la kuonyeshwa jiwe kwanza na kwa bei atakayoitaja yeye. Hapo kadi ya mchimbaji haina la kusema. Benki inayomkopesha mtu pampu kwa dhamana ya shimo ambalo huenda likatoa maji matupu haijafunguliwa Tshopo, jimbo la Kisangani.