Kipimo cha akili kisimhukumu mtoto kwa mazoea ya wengine

Kipimo cha akili ni mkusanyiko wa maswali na kazi zinazotumiwa kukadiria uwezo wa mtu kufikiri, kukumbuka na kutatua matatizo. Mnamo 1905 nchini Ufaransa, Alfred Binet na Théodore Simon walitunga kipimo cha aina hii ili kuwatambua wanafunzi waliohitaji msaada zaidi shuleni.

Kipimo huwa halali iwapo kinapima kile kinachodaiwa kupimwa. Mathalani, mtoto wa Kiwanjani, Isiolo, anayezungumza Kiborana, Kisomali au Kiturkana nyumbani akiulizwa kwa Kiingereza kuhusu vitu asivyovijua, alama zake huenda zikaonyesha ugeni wa lugha na vitu hivyo, wala si upungufu wa akili. Hata hivyo, alama hizo zaweza kumfanya aitwe mzito wa kuelewa na kutengwa na wenzake.

Tafiti zimethibitisha hatari hiyo. Mnamo 1979, Robert Serpell alichapisha matokeo ya kulinganisha watoto wa Zambia na wa Uingereza katika kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi, Waingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kuunda vigari vya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo, walitoshana.

Nchini Kenya, Robert Sternberg na wenzake walieleza mnamo 2001 kwamba watoto Waluo waliozifahamu zaidi dawa za miti shamba walielekea kupata alama za chini katika msamiati wa Kiingereza. Utafiti mwingine uliochapishwa mnamo 2002, uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, ulionyesha kuwa mafunzo mafupi kabla ya kupimwa upya huinua alama za wanafunzi.

Basi haki hupatikana vipi? Kwanza, maswali yatafsiriwe, kisha mtu mwingine ayarejeshe katika lugha asilia ili makosa yafichuke. Pili, yajaribiwe kwanza miongoni mwa watoto wa eneo husika, na alama zilinganishwe na za wenzao wa huko. Tatu, mtoto apewe mifano ya kujizoeza. Nne, maoni ya wazazi na walimu yazingatiwe.

Kazi hiyo inawezekana: mnamo 2008 watafiti walichapisha kipimo cha ukuaji wa watoto wadogo kilichotayarishwa Kilifi kwa kuzingatia mazingira ya huko. Muhimu zaidi, uamuzi kuhusu masomo ya mtoto usitegemee alama za siku moja pekee.