Konokono waliochelewa kutazamwa

Ukitoka Mwitongo kule Butiama ukashika njia ya Bunda hadi ziwani, unafikia Ghuba ya Speke. Wengi wetu mkoani Mara tulifundishwa jina la John Hanning Speke kwa jambo moja: tarehe 3 Agosti 1858 alisimama kilimani Mwanza, akalitazama ziwa letu na kuliita Victoria. Linalosimuliwa mara chache ni kwamba mapema mwaka huohuo, akiwa Ziwa Tanganyika pamoja na Richard Burton na Sidi Mubarak Bombay, Speke aliokota magamba ya konokono na chaza, akayafunga na mizigo iliyorudi pwani kwa mabega ya wapagazi. Alikuwa amefika ziwani humo karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho.

Magamba hayo yalifika London. Mwaka 1859 Samuel Pickworth Woodward aliyaeleza kisayansi na kuyapa majina. Chaza mmoja akapewa jina la Speke, mwingine la Burton. Baadaye konokono mmoja wa mkusanyo huo, mnene na wa mviringo, akaitwa Spekia. Wapagazi hawakutajwa kwenye gamba lolote, na Bombay, ambaye bila yeye safari ile isingekwenda, naye hakupata hata chaza.

Wazungu waliofuata waliendelea kuokota. Mwaka 1880 Edgar Albert Smith wa London alimtangaza Limnotrochus thomsoni, kwa heshima ya msafiri Joseph Thomson, na Tiphobia horei mwenye miiba mirefu, kwa heshima ya mmisionari Edward Coode Hore wa Ujiji. Limnotrochus ndiye aliyewasumbua wataalamu. Gamba lake lina umbo la pia na mistari ya vinundu, na ukilitazama haraka utadhani limetoka baharini, kwa jamaa wa Turbo, wale konokono wa miamba ya Zanzibar na Mafia ambao gamba lao limezungushwa kama kilemba. Wakusanyaji wanawapenda Turbo kwa lulu inayong'aa ndani ya gamba na kwa kifuniko kizito cha chokaa wanachofungia mlango wao. Limnotrochus hana lulu hiyo, na kifuniko chake ni chembamba. Lakini sura yake ilitosha kuzua swali: viumbe wa bahari wamefikaje katikati ya Afrika?

J. E. S. Moore alifunga safari mbili kwenda Tanganyika miaka ya 1890 kutafuta jibu. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 alishikilia kwamba ziwa hilo ni mabaki ya bahari ya enzi za dinosaria. Lilikuwa wazo zuri, na halikuwa sahihi. W. A. Cunnington alikwenda mwaka 1904 na 1905 na hakukubaliana naye. Leo inajulikana kwamba konokono hao walibadilika humohumo ziwani kwa mamilioni ya miaka. Kaa wa Tanganyika huvunja magamba ili wale, na konokono wakajibu kwa kunenepesha kuta za magamba yao. Bahari haikuwahi kuhusika.

Mimi naona mjadala huo, pamoja na utamu wake, ulivuta macho mbali na ziwa letu. Ziwa Victoria lilikauka kabisa, au karibu kabisa, kabla ya kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita. Konokono wake hawakupata muda wa kujipamba. Ni wadogo, wa rangi ya udongo, na hakuna aliyesafiri kutoka Ulaya kwa ajili ya uzuri wao. Eduard von Martens wa Berlin aliwaandika kwa uaminifu: mwaka 1879 alimpa jina konokono bapa ambaye leo anaitwa Biomphalaria choanomphala, na mwaka 1897 akatoa kitabu kizima juu ya konokono na chaza wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, koloni lililojumuisha Musoma. Konokono yule akakaa kwenye droo.

Mwaka 1915 ndipo Robert Leiper, akifanya kazi Misri, alipoonyesha kwamba minyoo ya kichocho hupitia ndani ya konokono wa maji baridi kabla ya kumwingia mtu kwa ngozi. Kichocho cha tumbo huletwa na jamaa wa Biomphalaria, wale bapa. Cha mkojo huletwa na Bulinus: lishike gamba lake ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea, utaona mlango uko kushoto. Kwa mama anayefulia mwaloni, au mvuvi anayevuta kokoro maji yakiwa kiunoni, hao walistahili kuchunguzwa kabla ya Limnotrochus na mistari yake yote.

Watafiti wa Mwanza, ambako leo kuna kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, huwahitaji konokono hao wakiwa hai. Huchotwa kwa chekeche la mpini mrefu katikati ya matete na magugu maji, kila mmoja akawekwa kwenye kichupa cha maji na kuachwa kwenye mwanga. Aliyeambukizwa huanza kutoa viluwiluwi vya minyoo, vidogo sana, vinavyoogelea vikitafuta ngozi. Dawa ya prazikwanteli wanayopewa watoto shuleni huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini, lakini haimkingi mtoto anayerudi kuoga palepale jioni, kwa hiyo kazi ya kuchota konokono ziwani bado inaendelea.